Daktari wa Udongo: Ibara ya Pili

Sauti ilikuwa ya Daktari Bethwel. Kabura hakuwa na shaka hata kidogo.

Wiki iliyopita tulimwacha mbele ya mlango wa ofisi ya kanisa mjini Bungoma, mkono umeinuliwa, hajabisha. Alikuwa ametoka Kitale alfajiri ili kuulizia habari za mtu anayejiita daktari wa udongo. Na sasa mtu huyo huyo, aliyepaswa kuwa Kitale, alikuwa anaongea nyuma ya mlango.

Miguu ilimwambia arudi. Kabura alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuisikiliza.

Aliomba ombi la maneno matatu tu, "Bwana, niko hapa," kisha akasukuma mlango.

Ndani hapakuwa na Bethwel. Kulikuwa na mzee wa miwani minene, peke yake, na simu juu ya meza ikiongea kwa sauti kubwa.

"Akifika huyo mama, Mzee, wewe mwambie ukweli tu," simu ilisema. "Kwamba mimi ni mshirika wenu mwema. Si huo ni ukweli?"

"Wewe ni mshirika wetu," mzee alijibu.

"Basi usiongeze kitu. Kuongeza ni kusengenya. Mungu akubariki, Mzee Khaemba."

Simu ikakatika. Mzee aliinua macho akamwona mwanamke mlangoni, viatu vimejaa vumbi, mkoba kifuani.

"Mulembe, mayi," alimwamkia polepole kwa Kibukusu, kama mtu anayemsalimu mama yake. "Nadhani huyo mama ni wewe."

"Ni mimi, Mzee. Mama Muigai, kutoka Tuwan, Kitale. Alijuaje nakuja?"

"Hilo uliza watu wenu."

Kabura alitoa simu yake. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu kuhusu safari hii: Linah, mwenyekiti wa kikundi chao cha wanawake, kikundi cha Neema. Alimwambia kwa siri, akamwomba amwombee.

Na Linah alikuwa amemwombea. Alimwombea kwenye kikundi cha maombi cha WhatsApp, saa kumi na mbili asubuhi.

"Wapendwa," Linah aliandika, "tumkumbuke katibu wetu Mama Muigai. Anasafiri kwenda Bungoma kuuliza siri za Daktari. Mungu amlinde barabarani."

Chini yake kulikuwa na Amina kumi na moja. Kumi zilitoka kwa wanawake wa kikundi. Ya kumi na moja ilitoka kwa Daktari Bethwel, na kapicha ka mikono miwili iliyounganishwa.

Kabura alikaa bila kukaribishwa. Kicheko kilimjia, kikaishia njiani.

"Pole," alisema Mzee Khaemba. "Wewe ni wa tatu kunijia kuhusu huyo kijana. Nimechoka kueleza. Mnataka nini naye huko Kitale?"

"Leo saa tisa wanawake kumi na wawili tunatia vidole kwenye mkataba wake, Mzee. Mimi nikiwa mmoja wao. Tunampa mashamba yetu misimu mitatu. Anasema udongo wetu ni mgonjwa, tusipande mahindi, autibu kwanza kwa dawa yake. Halafu atatupandia mmea wa kuuza ng'ambo."

"Na mmeshapanda?"

"Wenzangu wanamngoja yeye. Mimi peke yangu nilipanda na mvua ya kwanza. Nilikuwa na wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

Kabura alifikiri. "Jana nilipita Kamukuywa kutafuta shamba la mfano ambalo Daktari hutuonyesha kwenye picha. Nilimpata mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Jepchumba. Alishangaa sana. Hajawahi kusikia jina Bethwel. Anasema kuna kijana aliomba kupiga picha shambani kwake, akasema ni ya harusi."

Mzee Khaemba alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Ninyi mlimpokea namna gani kanisani kwenu?"

"Kwa barua yenu! Barua ya ushirika, ina muhuri. Tungeogopa mtu ambaye kanisa limemwandikia?"

"Nani alisoma hiyo barua?"

"Mimi. Mimi ndiye katibu wa kanisa pia."

"Uliisoma yote?"

Wasomaji, hapa turudi nyuma kidogo pamoja na Kabura.

Alikumbuka Jumapili ile ya Januari. Mgeni amesimama mbele, suti ya kijivu, Biblia kubwa. Kabura anasoma, "Tunamleta kwenu mshirika wetu Bethwel..." Kama mnavyojua desturi ya makanisa yetu, likitajwa neno mshirika, kina mama wa nyimbo huanza. Wakaanza. Watu wakapiga makofi, mgeni akashikwa mikono, akaimbiwa beti zote. Kabura akakunja barua akaitia kwenye faili. Nani husoma barua juu ya wimbo?

Na baada ya wimbo, hakuna aliyeuliza tena. Wao walimwamini kwa sababu kanisa la Bungoma limemwandikia.

"Niliisoma mpaka walipoanza kuimba," alisema.

"Kila mahali ni hivyo hivyo," mzee alisema. Hakumcheka. Alifungua kabati, akatoa kitabu cha nakala za barua, akatafuta kwa kidole. "Soma. Ibara ya pili."

Kabura alisoma. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yalionekana.

"Ndugu huyu yuko chini ya nidhamu ya kanisa. Anajiita daktari wa udongo, nasi hatujui alisomea wapi. Tunawaomba msimkabidhi shamba kabla hamjamuuliza aliyemfundisha ni nani, na shamba gani lilizaa kwa mkono wake. Sauti yake ya uimbaji ni nzuri."

"Mbona hamkutupigia simu, Mzee?" Kabura aliuliza. "Mbona mliificha chini?"

"Hatukuificha. Tuliiandika." Mzee aliangalia meza. "Lakini umeuliza vizuri. Ukweli, mayi, tulitaka tu aende. Baba yake alikuwa rafiki yangu. Tuliona aibu. Ukimpa mtu mwenye shida barua, shida inahama na barua. Nimeungama hilo mbele za Mungu, lakini kwenu sikuja kuungama. Nisamehe."

Kabura hakuwa na nguvu ya kukasirika. Aliuliza tu, "Na alifanya nini hapa?"

Mzee alimwongoza hadi dirisha la nyuma. Nje kulikuwa na kiwanja cha kanisa, kama robo eka. Upande wa jirani mahindi yalikuwa yameanza kuchipua. Upande wa kanisa ulikuwa mwekundu, mtupu, umekauka kama sakafu.

"Misimu mitatu alimwaga dawa yake hapo," mzee alisema. "Dawa inanuka kama sabuni. Zamani sukuma wiki ya hapo ililisha watoto wa Sunday School. Sasa hata magugu yanaona haya kumea."

Kabura aliangalia muda mrefu. Alimwona moyoni Linah na eka yake moja na wajukuu wanne. Aliyaona mahindi yake mwenyewe.

"Mzee, unipe huo udongo kidogo."

"Wa nini?"

"Bado sijui. Mungu anajua."

Mzee Khaemba alichota kwa koleo, akautia kwenye karatasi ya mkate. Kisha, bila kuambiwa, akaichomoa nakala ya barua kutoka kwenye kitabu chake, akampa.

"Wazee wataniuliza," alisema. "Nitawajibu."

Simu ya Kabura ililia akiwa bado langoni. Alikuwa Linah.

"Mama Muigai! Umefika salama? Si nilikwambia tutakuombea?"

"Linah, sikia. Msitie vidole. Ngojeni nifike."

"Ati tungoje? Daktari ameleta wino saa hii. Anasema mvua iko karibu, hatungoji saa tisa. Tunaanza saa nane."

"Linah, huyo mtu si daktari!"

Sauti ya Linah ikarudi, ya chini, imeumia.

"Wewe ndiye ulitusomea barua yake, Mama Muigai. Kwa mdomo wako. Sasa leo ni mwongo? Ama unaona wivu kwa sababu shamba lako umeshapanda, na dawa itakupita?"

Linah akakata.

Ilikuwa saa tano na nusu. Sitawachosha na barabara. Gari la kwanza liliharibika Kamukuywa, la pili likakubali kumbeba, na njia nzima Kabura alishikilia karatasi ile ya mkate magotini kama mtu aliyebeba mayai. Hakuomba ushindi. Alimwomba Mungu ampe nguvu ya kusema neno moja ambalo hakutaka kulisema.

Alifika Tuwan saa nane na dakika ishirini.

Wanawake walikuwa uani kwa Linah, kwenye viti vya plastiki, wamezunguka meza yenye kitambaa cheupe. Juu ya meza kulikuwa na mkataba, wino, na kile chombo cha Daktari: kijiti cha chuma chenye kitu kama saa juu yake. Ukichomeka kijiti ardhini, mshale hucheza.

Vidole saba vilikuwa vimeshapigwa. Wa nane, Mukami, alikuwa amekunja mkono wa sweta.

"Mukami, ondoa mkono," Kabura alisema kutoka langoni.

"Haleluya, amerudi!" Daktari Bethwel alisimama. Alivaa gambuti nyeupe ambazo hazikuwahi kugusa tope. "Karibu, Mama Katibu. Tumekuombea tangu asubuhi. Mzee Khaemba hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Amesema unaimba vizuri."

Mtu mmoja alicheka. Linah hakucheka. Linah alikuwa ameketi kichwani mwa meza, kidole chake tayari kina wino.

"Sema ulichokuja kusema, Mama Muigai," alisema. "Lakini useme mbele yake. Hatusengenyi mtu."

Kabura alikunjua nakala. Akasoma ibara ya pili yote, neno kwa neno, polepole, kwa sauti ile ile aliyosomea kanisani.

Alipomaliza alisema, "Hii imekuwa kwenye faili yetu tangu Januari. Mimi nilikunja barua kabla ya kumaliza. Mliimba, nami nikaona aibu kuwakatiza. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe."

Hilo ndilo neno ambalo hakutaka kulisema. Alijisikia mwepesi kidogo, na mchovu zaidi.

Bethwel hakutikisika. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

"Kina mama, hayo yote ni kweli," alisema. "Nabii hana heshima nyumbani. Mimi elimu yangu nilipewa kwa maono. Chuo gani kitanipa cheti cha maono?"

"Ehe!" Linah alisema. "Mnaona? Hata hajakataa."

Baadhi yao walianza kutikisa vichwa kukubali. Mukami alirudisha mkono mezani. Kabura aliona siku nzima ikimponyoka.

Ndipo alipoelewa udongo ulikuwa wa nini.

Aliweka karatasi ya mkate juu ya kitambaa cheupe, akaifungua.

"Daktari, nisaidie. Huu udongo una nini?"

Macho ya Bethwel yaling'aa. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda. Alichota kidogo, akanusa, akasugua vidoleni, akachomeka kijiti. Mshale ulicheza. Wanawake walisogeza viti.

"Aa, Mama Katibu," alisema kwa huzuni. "Nilikuonya usipande haraka. Huu ni udongo wako, sivyo?"

"Wewe sema una nini."

"Ni mgonjwa sana. Asidi imepanda. Na nitakwambia kitu kingine, kina mama wote wasikie." Aliinua kidole. "Huu udongo haujawahi kuonja dawa yangu hata tone moja. Ungeonja dawa yangu msimu mmoja tu, ungekuwa mweusi kama kahawa."

"Una hakika?"

"Naweza kuapa."

"Usiape," Kabura alisema. "Huu umetoka nyuma ya kanisa la Bungoma. Uliumwagia dawa yako misimu mitatu. Mzee Khaemba aliuchota kwa mkono wake leo saa tano. Namba yake ninayo, tumpigie?"

Jogoo aliwika kwa jirani.

Mukami aliutazama udongo, akamtazama Daktari, kisha akateremsha mkono wa sweta hadi kwenye vifundo vya vidole.

"Ati maono," alisema. "Bana, maono hayajui nyumbani?"

Kicheko kikalipuka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walioponea ukingoni mwa shimo. Linah peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta wino kwenye kidole kwa leso yake, anafuta, anafuta, na machozi yanamtoka.

"Mama Muigai," alisema, "na mimi nikakutukana kwenye simu."

"Yaishe, Linah. Hata mimi nilikunja barua."

Ningependa, wasomaji, kuwaachia hapo wiki hii. Kabura naye alitaka hivyo. Alitaka kikombe cha chai na kuvua viatu.

Lakini Bethwel hakuwa anakimbia. Alikuwa anakunja mikono ya shati yake, taratibu. Kile kicheko hakikumgusa.

"Mmemaliza?" aliuliza. Sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka. Ilibaki sauti nyingine, kavu, ya mtu wa soko. "Vidole vyenu sivihitaji. Nilivitaka kwa heshima tu. Mama Katibu, wewe umejifunza leo kusoma mpaka mwisho. Hebu geuza mkataba. Wasomee ukurasa wa pili."

Kabura hakutaka kuugusa. Aliugusa.

Ukurasa wa kwanza walikuwa wamesomewa mara nyingi. Wa pili ulikuwa mfupi. Alisoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa amejiapia njiani kwamba hatasoma tena kitu kimyakimya.

"Sahihi ya katibu ni sahihi ya kikundi kizima. Katibu akishatia sahihi, mashamba yote kumi na mawili yamekabidhiwa, na kazi inaweza kuanza siku yoyote."

Chini yake palikuwa na sahihi. K kubwa yenye mkia, kisha jina la marehemu mumewe, Gachanja, kisha mstari mdogo alioupenda tangu shule ya msingi. Na tarehe: Jumapili ile ya Januari.

Akakumbuka. Wimbo unaendelea, makofi, mgeni ameinama sikioni mwake na karatasi iliyokunjwa, sehemu ya chini tu inaonekana. "Nipe sahihi hapa, Mama Katibu, kwamba barua yangu imefika." Akatia, juu ya kitabu cha nyimbo.

"Ameghushi!" Mukami alisema. "Mwizi huyu, ameghushi! Sema, Mama Muigai."

Wanawake kumi na mmoja walimgeukia. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, na wote wangemwamini, kwa sababu sasa hivi walikuwa wamemwona akisema kweli.

Linah alisimama, leso yenye wino mkononi.

"Kabura," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, jina tupu. "Hiyo sahihi ni ya nani?"

Kabura alifumba macho kidogo. Hakuna aliyejua kama alikuwa anaomba au amechoka tu. Huenda hata yeye hakujua.

"Ni yangu," alisema.

Bethwel alishatoa simu. Ulisikika mngurumo wa injini upande wa pili kabla hajasema neno, kama vile mtu huko amekuwa akingoja amri tangu asubuhi.

"Washa trekta," alisema. "Anzeni na shamba la katibu."

Kutoka uani kwa Linah hadi shamba la Kabura ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mahindi yake yalikuwa na majani mawili.